Gauni la Pete za Zambarau

"Epi, mutoto wangu, hii njo utavaa? Mbele ya bakwe?"

Mama Niyonsenga alisimama mlangoni na libaya jipya, blauzi ya kitenge, mkononi, amelipiga pasi ya makaa mpaka mikunjo ikasimama. Alikuwa amelishonesha mjini Sake kwa ajili ya siku hii tu. Binti yake Epiphanie alikuwa mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa dirishani, akijigeuza kushoto na kulia, na tusimwonee, alikuwa amependeza kupita kiasi.

"Mama, hii nilishona miye mwenyewe. Wacha banione vile niko."

"Vile uko tunajua. Njo maana naogopa."

Kijiji kizima cha Kibabi kilijua vile alivyokuwa. Epiphanie alifundisha biolojia na kemia kwenye shule ya sekondari ya pale kilimani, na nguo zake alizishona kwa mkono wake mwenyewe, kila moja ikibeba kitu alichokipenda kutoka vitabuni. Alikuwa na sketi ya volkano, nyeusi kiunoni na nyekundu ya moto kwenye pindo. Alikuwa na blauzi yenye alama za kemia mgongoni, na siku moja ya mtihani préfet, mkuu wa shule, alimrudisha nyumbani akabadilishe, maana wanafunzi wote walikuwa wakiomba asimame mbele yao na kuwapa mgongo. Walimwita Madame Molekile, yaani Bi Molekuli. Alijifanya kukasirika, lakini moyoni alilipenda jina hilo kama wengine wanavyopenda hereni za dhahabu.

Gauni la leo lilizipita zote. Kitambaa chake kilikuwa cha pinki hafifu, kimejaa visahani vidogo vya uzi wa rangi ya waridi, na ndani ya baadhi ya visahani hivyo alikuwa amedarizi pete nyembamba za zambarau, kila pete na ushanga mmoja uliong'aa kama kito. Ukiwa mbali ungesema ni bustani.

Haikuwa bustani. Ilikuwa siku aliyokutana na Patient.

Siku ile homa ilikuwa imemkamata Epiphanie darasani, akapelekwa kwenye kituo cha afya akitetemeka meno. Laborantin, mpimaji wa maabara, alikuwa kijana mrefu, mpole, mtu wa Walikale, mwenye vidole vya kushika vitu vidogo. Alimchoma kidole, akaitandaza damu kwenye kioo, na Epiphanie, mgonjwa hivyo hivyo, hakunyamaza: dawa gani hiyo ya rangi, unangoja nini, unaona nini sasa?

"Madame," Patient alisema mwishowe, akicheka, "njoo basi umuone mwenyewe mwenye iko anakutesa."

Epiphanie aliinama kwenye microscope, ile hadubini ya maabara. Akaona visahani vya waridi, na ndani yake pete za zambarau, ndogo, nzuri, za kutisha.

"Iko na pete!"

"Njo yeye. Anavaaka pete, anatafuta mwenye ataoa."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kama mgonjwa amepandwa na wazimu. Homa ilipona kwa vidonge. Ile nyingine iliyomwingia siku ile haikupata dawa mpaka leo. Basi alipojua kwamba mama yake Patient anakuja kumwona, angevaa nini kingine? Alikaa jioni nyingi na sindano, akidarizi pete baada ya pete, akijisemea kwamba Patient akiliona tu gauni hili atajua lote ambalo mdomo wake haukuwahi kumwambia.

Na ziara yenyewe haikuwa ya kunywa chai tu. Kwa ukoo wa Patient, wazee hawaji na mbuzi wa posa mpaka mama wa kijana amekwenda kumwona msichana kwao na kurudi na neno. Mama akirudi kimya, mambo yameishia hapo, na hakuna anayethubutu kumuuliza sababu. Epiphanie alilijua hilo, na ndiyo maana alikuwa ameoga kabla jogoo hajawika.

* * *

Walifika mchana, baada ya misa, wakiwa na matope mpaka magotini. Patient alitangulia, nyuma yake mama yake, Mama Agathe, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, na mdogo wa mama huyo, Tantine Bibiche, ambaye alikuwa na maneno ya watu wawili.

Epiphanie alitoka kuwapokea. Alimtafuta Patient kwa macho, kama alivyozoea, akingoja yale macho yake yalegee na kutabasamu kabla ya mdomo. Hayakulegea. Yalishuka kwenye gauni, yakakaa hapo, na uso wa kijana wa watu ukapoteza damu yote.

Alimsogelea akijifanya kumpokea mfuko. "Epi," alinong'ona. "Bakiuliza, sema iko maua."

"Maua gani?"

"Maua tu. Nakuomba."

"Patient, hii iko siku yetu. Haukuijua?"

"Niliijua. Sema iko maua."

Akaondoka kwenda kushusha mizigo. Epiphanie alibaki na mfuko mkononi na moto kifuani. Kumbe! Kumbe anamwonea haya. Kijana aliyempenda kwa maswali yake, leo mbele ya mama yake anataka awe msichana wa maua. Mapenzi yakichanganyika na kiburi hayaoni mbali, na yeye kiburi alikuwa nacho, tena cha kutosha kugawia majirani.

Walikaa sebuleni. Baba yake, Papa Barthélemy, aliuliza habari za njia, na Tantine Bibiche akamsimulia njia yote, shimo baada ya shimo, mpaka watu wakacheka. Mama Agathe peke yake hakucheka. Alikuwa akilitazama gauni.

"Karibia, mutoto," alisema.

Epiphanie alikaribia, akapiga goti kama inavyotakiwa. Mama Agathe alinyoosha mkono, akaushika mkono wa gauni kwa vidole viwili, halafu akaupapasa kwa kiganja kizima, polepole, kutoka bega mpaka kiwiko. Uso wake ulifunguka.

"Hizi mikono yako iko na akili. Bibiche, angalia. Iko muzuri. Iko muzuri sana! Hata kwetu mu pori hatunaka maua ya namna hii. Inaitwaka namna gani?"

Patient alikohoa. Epiphanie aliinua macho, akakutana na ya kwake, yakimsihi. Angeweza kusema maua. Neno moja tu, na wazee wangekuja na mbuzi. Lakini ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa umeshachemka tangu uani.

"Haiko maua, Mama," alisema kwa sauti ya darasani. "Njo malaria. Iko mu damu ya muntu. Ukiangalia ku microscope, unaionaka hivi kabisa." Alisimama, akageuka kwa madaha, akawaonyesha mgongo. "Na hapa nyuma iko mingi zaidi."

Alipogeuka tena, mkono wa Mama Agathe ulikuwa bado hewani. Kisha mama huyo aliushusha, akaufuta kwenye kitenge chake, kiganja kwanza, halafu nyuma ya kiganja, kama mtu aliyeshika kitu kichafu na hataki kumwaibisha mwenyeji.

"Malaria," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na ulishona kusudi ipendeze."

"Ndiyo, Mama." Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Na miye nikasifu. Niligusa na mukono yangu, nikasema iko muzuri."

Aliinuka, akaomba ruhusa kwa Papa Barthélemy kwa adabu zote, akatoka nje. Patient alimfuata mbio. Tantine Bibiche, aliyekuwa na maneno ya watu wawili, alikuwa amebaki na ya nusu mtu.

"Ee, Epi," alisema. "Patient hakukuambia Noël alikufa na nini?"

Alikuwa amemwambia. Alikuwa amemwambia kwamba alikuwa na mdogo wake, Noël, aliyekufa mtoto, kwa homa. Neno hilo moja tu, homa, halafu akageuza mazungumzo. Na Epiphanie, mwalimu wa biolojia, mwanamke wa maswali elfu, hakuwahi kuuliza ni homa gani.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aliiona picha yake mwenyewe akigeuka kwa madaha, akimwonyesha mzazi kilichomuua mwanawe, hapa nyuma iko mingi zaidi, kama mchuuzi wa vitambaa sokoni. Alimtazama mama yake aliyemzaa. Mama Niyonsenga alikuwa amefumba macho. Papa Barthélemy alivua kofia yake, akaishika magotini, kama wanavyofanya watu msibani.

* * *

Patient alimkuta Epiphanie nyuma ya jiko, amekaa kwenye gogo, wembe mkononi. Alikuwa ameanza kuzikata pete za kwenye pindo, moja moja, shanga zikidondoka kwenye majani.

"Mama ametuma muntu amuitie motari wa pikipiki," Patient alisema. "Anasema atalala Masisi-centre."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia useme iko maua."

"Uliniambia nidanganye! Haukuniambia juu ya nini. Nilifikiri unaniona haya, Patient. Nilifikiri mapenzi yako inaishiaka ku mulango ya mama yako."

"Miye nikuone haya? Weye?" Alichuchumaa mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niliona ile gauni, nikataka kulia. Nilijua ni siku yetu. Na nilijua mama akisikia... Epi, miye hiyo kintu siwezi kuisema. Nimekuwa laborantin sababu yake, kila siku naiangalia ku microscope, lakini kuisema ku mudomo siwezi."

"Hata kwangu?"

Patient alitazama chini, kwenye shanga.

"Basi hata weye uko na kosa," Epiphanie alisema, na machozi yakamtoka sasa bila kizuizi. "Lakini yangu njo kubwa. Nilisikia mu macho yako kama kuna kintu. Nikasema kwa kukukomoa. Nilimujeruhi mama yako juu ya hasira yangu na weye."

"Twende tumuambie ulikuwa unafanya muchezo tu. Tuseme iko maua, ulikuwa unafanya muchezo."

Epiphanie alimtazama. Alimpenda, Mungu anajua, alimpenda hata sasa. Lakini aliuweka wembe chini, akapangusa uso kwa mkono wa lile gauni, akasimama.

"Hapana," alisema. "Nitaenda peke yangu."

Alipitia ndani, akajitanda kitenge cha mama yake mabegani mpaka gauni likafunikwa lote, akatoka. Mama Agathe alikuwa amekaa kwenye benchi la uani, begi lake miguuni, akitazama barabara. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha kidogo kidogo kwenye mashamba ya maharagwe ng'ambo. Tantine Bibiche alikuwa amesimama ukutani, na Patient, ambaye hakujua kutii, alikuwa amefuata na kusimama pembeni yake.

Epiphanie alipiga magoti kwenye majani mabichi. Alikuwa ametayarisha maneno mengi, lakini yote yalimpotea.

"Nimekosa, Mama. Sikuja kujitetea."

Mama Agathe hakugeuka. "Toa hicho kikwembe. Juu ya nini unafunika? Nimekwisha kuona."

Alikitoa. Baridi ikampiga, na zile pete zikabaki wazi, nyingine zimekatwa nusu. Kuvaa gauni lile mbele ya macho yale ilikuwa adhabu, na aliipokea.

"Njo kadogo hivi?" Mama Agathe aliuliza. Alikuwa ameinama sasa, akiangalia bila kugusa.

"Ni kadogo kuliko hivi, Mama. Hii nimeikuza. Kwa macho hauwezi kukaona."

"Kadogo hivi." Aliigeukia tena barabara. "Bantu banafikiri sikujua. Nilijua. Ilikuwa asubuhi, mutoto anachemka, anatapika. Centre de santé, pale banatibiaka, haikuwa mbali. Lakini nilikuwa na kikwembe moja, mutoto wangu. Moja tu. Na Noël alikuwa amekitapikia chote. Pale ku centre kulikuwa basista, kulikuwa babibi ya bakubwa, banavaa muzuri. Nikasema, nitaingia pale namna gani? Nikakifua. Nikakianika. Unajua mvua ya Walikale. Nikaketi mu nyumba na gunia ku kiuno, mutoto ku magoti, nangoja kikwembe ikauke."

Tantine Bibiche aliziba mdomo kwa mkono. Hata yeye, ndugu wa tumbo moja, hakuwa amelisikia hili.

"Na ikakauka," Mama Agathe alisema. "Njo tulimuzikia ndani."

Epiphanie hakuweza kuinua kichwa. Alikuwa amekuja kuomba radhi kwa kosa la gauni, kumbe kidonda alichokigusa kilikuwa kirefu kuliko alivyodhani, na kilikuwa cha nguo kabla hakijawa cha homa.

"Patient ananiambiaka, Mama, hata ungeenda asubuhi, angekufa tu. Ananiambiaka hivyo tangu asome. Na kila mara anaangalia chini." Sasa aligeuka, akamtazama Epiphanie usoni. "Weye uko mwalimu wa hizi bintu. Niambie. Ningeenda asubuhi, angepona?"

Nyuma ya bega la mama, Patient alikuwa akitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yaleyale ya alipofika. Sema iko maua.

Mara ya kwanza alikuwa amesema kweli kwa kiburi, na ikaumiza. Sasa kiburi kilikuwa kimekwisha chote, na angetoa chochote aruhusiwe kudanganya. Elimu aliyoipenda tangu utotoni, aliyoivaa viunoni na mabegani kama pambo, haikuwahi kumdai kitu. Leo ilimdai, na ilimdai mbele ya mwanamke anayemtaka awe mama yake. Akisema ndiyo, nani angempa mwanawe?

Alijilazimisha kuyatazama yale macho.

"Angeweza kupona, Mama," alisema. "Siwezi kuapa. Batoto bengine banafikishwa asubuhi, na banakufa. Lakini angeweza kupona."

Patient alitoa sauti kama mtu aliyepigwa. Epiphanie hakumgeukia. Aliona aibu mpaka kwenye mifupa, aibu ya kuwa mzima na kijana na kuvaa vizuri, lakini hakuyaondoa macho yake kwa Mama Agathe, maana alihisi kwamba akiyaondoa tu, yote aliyosema yatageuka uongo.

Mama Agathe hakulia. Alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka pamoja nayo.

"Angeweza," alirudia. "Nilikuwa nakijua hicho peke yangu. Miaka yote, peke yangu."

Pikipiki ilikuja ikinguruma kwenye matope, motari akapiga honi. Mama Agathe alisimama. Kwa kukaa na kuinama, kitenge chake kilikuwa kimelegea kiunoni, kikaanza kushuka, akakidaka kwa mikono miwili. Tantine Bibiche akakimbilia kumsitiri, maana mwanamke mzima hafungwi kitenge na mtu baki, sembuse na msichana ambaye yeye mwenyewe amekuja kumpima. Mama Agathe alimzuia kwa kichwa. Akamgeukia Epiphanie, akamshikisha ncha mbili za kitambaa.

"Nifunge," alisema. "Kaza. Njia iko mubaya."

Epiphanie alifunga. Vidole vyake, vilivyodarizi mamia ya pete bila kukosea, vilikosea fundo moja, ikabidi alifungue na kulifunga upya. Mama Agathe alingoja bila haraka, mikono ameinyanyua.

"Bibiche, chukua begi. Nitaambia bazee baje." Halafu akamwangalia mwanawe, aliyesimama pale amelowa, hajui aweke wapi mikono. "Huyu anadanganyaka kwa sababu ya mapendo, Epi. Alijifunza kwangu, juu ya vile sikumuomba kweli hata siku moja. Weye uko mwalimu. Umufundishe."

Pikipiki ikashuka kilima na wale wanawake wawili nyuma ya motari, Tantine Bibiche akipunga mkono bila kusema neno, jambo ambalo watu wa Walikale wasingeliamini. Mama Niyonsenga alikuwa amesimama mlangoni, akaona inafaa aingie ndani na amvute mumewe mkono.

Walibaki wawili kwenye mvua. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Epiphanie alitamani kumshika mkono, na aliona haya. Patient alitamani kuomba msamaha, na hakupata pa kuanzia.

"Unanichukia?" aliuliza mwishowe.

"Hapana. Weye?"

"Hapana." Patient alipangusa mvua usoni. "Nimudanganye mama miaka yote, halafu weye siku moja tu... Sijui nifanye nini, Epi."

Epiphanie aliketi kwenye benchi, akamwachia nafasi. Patient akakaa, bega lake likagusa lake kupitia kitambaa kilicholowa.

"Niambie Noël alikuwa namna gani," Epiphanie alisema. "Hapana ile siku. Kabla ya ile siku."

Mvua ilipiga mabati. Patient alitazama barabara ilikopotelea pikipiki.

"Alikuwa anaogopa kuku," Patient alisema.